Jifunike Kwanza, Ndipo Usalimie

Sogeza kigoda chako karibu, wewe unayenisikiliza, maana jambo ninalotaka kukueleza ni dogo na watu hulipita haraka haraka: namna ya kuvaa unapotoka kwenda kukimbia asubuhi ya baridi. Najua utakachosema. Utasema, Morogoro kuna baridi gani? Mtu wa Makete akinisikia atacheka mpaka ajishike mbavu. Mwache acheke. Mimi nimekaa mji huu miaka kumi na minane, nafundisha jiografia sekondari, na nakuhakikishia kwamba mwezi wa Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mawingu yakishuka kutoka kilele cha Bondwa na kukaa juu ya mabati yetu, baridi ipo. Na ukianza kupanda mlima, unaifuata nyumbani kwake.

Lakini usiogope. Baridi hii nimeshaikosea mara moja ikanilaza wodini siku tano, kisha nikaipatia. Kwa hiyo ninachokueleza nakijua pande zote mbili.

Kwanza ujue kwa nini nakimbia, ili usinione mtu wa mapambo. Mama yangu alipooza upande mmoja kwa sababu ya presha, nikamlisha kwa kijiko miaka miwili hadi alipofariki. Nilipotimiza miaka arobaini na mbili, daktari alinifunga ule mkanda wa kupimia mkononi, akasoma namba, akanyamaza. Akasema hatanipa vidonge kwa sasa. Atanipa miezi sita ya kukimbia, kisha tuone. Nikaanza. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa hisabati wa shuleni kwetu, mdogo kwangu kwa miaka kumi, binti mwembamba anayekimbia na ushungi wake umebanwa sawasawa, hata upepo hauoni pa kuushika. Jumamosi tunapanda mlima, siku nyingine mbili tunazunguka barabara za tambarare. Miezi sita ikaisha, presha ikashuka. Mwaka ukaisha, ikabaki chini. Basi elewa: viatu vyangu vya kukimbilia, zile raba za bluu zilizochakaa visigino, kwangu ni dawa.

Sasa kosa lenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya kipupwe, mwaka jana. Niliamka, nikafungua mlango wa nyuma, baridi ikanipiga usoni, nikarudi ndani kujihami. Nilivaa fulana nzito ya pamba, juu yake sweta la shule, juu yake jaketi nene la mtumba lililojazwa pamba ndani, la kwenda nalo Ulaya. Kichwani mzula wa sufu. Shingoni skafu. Mume wangu alinitazama kutoka kitandani, akaridhika, akasema, "Hapo sawa, mwalimu. Sasa umevaa." Mume wangu ni mtumishi wa serikali, na hupenda kitu kikiwa kimekamilika.

Mwenzangu alikuwa ananisubiri pale lami inapoishia. Alivaa jezi ya mikono mirefu, traksuti nyepesi na ushungi wake. Alinizunguka mara moja kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Dada," akasema, "huyo aliyemo humo ndani ni wewe?"

"Nicheke tu. Utakapokuwa unatetemeka kule juu usiniombe skafu."

"Sikuombi skafu. Nitakuomba tu usianguke, maana ukianguka utaviringika mpaka sokoni."

Tukapanda. Mpaka kwenye migomba ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha. Lakini mlima wa Uluguru haupandwi kwa utani. Dakika ya ishirini jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni, fulana ya pamba imekunywa mpaka imeshiba, sweta nalo limeanza kunywa. Sikuvua kitu. Nilijiambia, si vizuri kuvua kwenye baridi. Ndivyo tulivyofundishwa wote, tangu utotoni: mtoto havuliwi sweta mpaka jua litoke.

Tulifika juu, kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo njia tatu za vijijini hukutana na watu hutua mizigo yao kupumzika kabla ya kushuka mjini. Jumamosi ni siku ya kuuza. Walikuwapo kina mama na wazee kama tisa hivi, wenye vikapu vya njegere, karoti, ndizi na stroberi, wametua.

Sasa hapa ndipo mtu wa nchi nyingine asingekosea, na sisi tunakosea. Mgeni angepunga mkono akapita. Kwetu huwezi. Huwezi kumpita mtu mzima ukamwambia shikamoo huku unakimbia; hiyo si salamu, hiyo ni kumrushia mtu jiwe. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za huko mjini?"

"Nzuri, mama. Za mlimani?"

"Huku kwema, ila baridi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na wa kwako?"

"Hawajambo, mmoja tu anaumwa mguu. Na baba watoto?"

Tukamaliza ya huyo, tukaanza ya babu aliyekaa karibu naye. Tisa, nakwambia. Na kila mmoja ana watoto, ana shamba, ana mguu. Upepo ulikuwa unavuka kutoka upande wa pili wa mlima na kuja moja kwa moja mgongoni mwangu, kwenye zile nguo zilizolowa, na lile jaketi nene likageuka kuwa gunia la maji baridi nililofungiwa. Nilipofika kwa mzee wa saba meno yalikuwa yanagongana hata shikamoo ikatoka vipande vipande.

Mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi wa kidato cha pili kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo hewa inavyopoa, nyuzi sita na ushee kwa kila mita elfu. Nimechora mlima huo ubaoni mara zisizo na idadi. Siku ile nilikuwa nimevaa kwa ajili ya mlango wangu wa nyuma.

Siku mbili baadaye homa, siku ya nne nimonia. Daktari aliniambia kwa haki kwamba nimonia huletwa na vijidudu, na huenda nilikuwa navyo tayari kabla sijafika mlimani. Nilimshukuru. Lakini mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, na hukumu yake ilikuwa imeshatoka.

"Kipupwe hukimbii tena," alisema.

"Na presha je?"

"Utatembea uani."

"Uani kwetu ni hatua kumi na tano, baba watoto."

"Utageuka."

Usimchukie. Mtu aliyekaa usiku kucha akisikiliza kifua cha mkewe ana haki ya kusema mambo kama hayo. Nilitii kipupwe chote. Nilitembea uani nikigeuka. Mwezi wa Septemba nilipopimwa, namba zilikuwa zimepanda tena, na daktari akanyamaza ule ukimya wake. Nikarudi barabarani joto liliporudi, namba zikashuka. Lakini kuanzia hapo nilijua hesabu ilivyo: kama kila mwaka nitapoteza miezi mitatu, basi kila mwaka nitakuwa naanza upya kumkimbia mgonjwa aliyemo ndani yangu, yule niliyemwona ndani ya mama yangu nikimlisha kwa kijiko.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Juni, nilikuta raba zangu zimepandishwa juu ya kabati la nguo, nyuma ya sanduku. Nikamuuliza mume wangu. Akasema baridi imeanza. Akaongeza kwamba ikibidi atazipeleka Matombo kwa dada yake, akalimie tangawizi.

"Nipe nafasi moja," nikamwambia. "Jumamosi moja. Nikirudi nimelowa au nikakohoa ndani ya siku tatu, zipeleke Matombo, na mimi mwenyewe nitamfungia dada zawadi."

Akafikiri. "Nitakukagua mwenyewe mlangoni."

"Nikague."

Nilikuwa na siku sita za kujiandaa, na mwalimu wangu alikuwa anapita mlangoni kwangu kila Jumanne.

Ni mama mmoja wa kijiji cha juu, muuza njegere na stroberi, mkubwa kwangu kwa miaka michache, mwenye lafudhi ya Kiluguru inayovuta maneno kama anayaonjesha kwanza. Alikuwa mmoja wa wale tisa. Nilikuwa nimeshamwona mara mia akishuka na kikapu kichwani, blauzi nyembamba na khanga moja kiunoni, asubuhi ambayo mimi nimevaa masweta mawili, na siku zote nilikuwa nikimwonea huruma. Nilidhani hana nguo.

Jumanne hiyo, baada ya shikamoo, nilimuuliza: "Mama, hivi wewe hupati baridi?"

Akacheka. "Nikitoka nyumbani naisikia. Nikivuka mto nimeisahau. Mzigo huu ni jiko, mwalimu."

"Na ukipumzika?"

Alitua kikapu, akachomoa njegere za juu, akanionyesha. Chini yake kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba, limebabuliwa motoni likalainika lisipasuke, limefungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Akalifungua. Ndani kulikuwa na khanga nzima, imekunjwa, kavu kabisa, yenye harufu ya moshi.

"Hii haijui jasho," akasema. "Nikitua mzigo, kabla sijamjibu mtu, naitoa, najifunika. Ndipo nasalimia. Huku kwetu salamu ni ndefu, mwalimu. Jifunike kwanza, ndipo usalimie."

"Na watu hawaoni umewadharau?"

"Wananisubiri. Wote wanajifunika. Siku ile wewe ulituamkia umelowa mpaka tukaulizana, huyu mwalimu nani kamtuma?"

Nilisimama pale mlangoni na bakuli langu la njegere, nikakumbuka. Kweli, wote tisa walikuwa wamejitanda. Nilikuwa nimeona khanga na mashuka mabegani mwao, nikadhani wamevaa hivyo tangu kwao.

Basi nikajipanga. Na hapa nisikilize vizuri, maana ndicho ulichokujia.

Nguo ya kukimbilia, ile inayogusa ngozi, isiwe pamba. Pamba ni tamu kulalia, lakini ikinywa jasho hairudishi. Nilichukua jezi ya mikono mirefu, kile kitambaa chepesi cha kuteleza, ambacho ukikifua jioni asubuhi kimeshakauka. Kwenye mitumba zimejaa. Shika kitambaa, kikunje kiganjani, kipulizie pumzi, kikikaa na unyevunyevu kirudishe kwenye rundo. Miguuni taiti na juu yake sketi nyepesi ya traksuti, kwa sababu mimi ni mwalimu na wanafunzi wangu wanakaa njia ileile.

Juu ya jezi ni jaketi jembamba la kuzuia upepo, lenye zipu. Zipu ni muhimu kuliko unene, kwani unaifungua unapopanda na kuifunga unaposimama. Hili la upepo nilifundishwa na madereva wa bodaboda. Umewaona asubuhi pale kituoni, wamevaa majaketi yao mbele nyuma, mgongo wa jaketi uko kifuani? Tunawacheka, lakini wamejua ukweli: upepo huja kutoka mbele, na zipu ina matundu. Nami nikiwa juu, kabla ya kushuka mbio na hewa kunipiga kifuani, nakunja gazeti kuukuu nalipachika kifuani ndani ya jaketi. Likilowa unalitupa.

Masikio yafunike, lakini si kwa mzula mzito. Kitambaa cha kichwa kinatosha, kishuke tu mpaka masikioni. Mikononi nilivaa soksi. Ndiyo, soksi. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha Jumamosi iliyofuata akaja na zake.

Na kifurushi: fulana moja kavu na khanga moja. Sina mgomba uani, na mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukipewa sokoni imekatazwa, kwa hiyo nilitumia mfuko wa mkate. Usiutupe mfuko wa mkate. Unaingia fulana na khanga ukizikunja vizuri, unautoa hewa kwa kuukalia, unaupindua mdomo mara mbili na kuufunga kwa kamba ya kiatu. Nikaufunga mgongoni kwa khanga ya pili, kama mtoto.

Ijumaa jioni vyote hivi niliviweka juu ya kiti kwa mpangilio wa kuvaliwa, cha kwanza juu. Asubuhi ya baridi ina ubishi. Ukianza kutafuta soksi gizani utajikuta umerudi kitandani. Mume wangu alishusha raba kutoka kabatini, akaziweka chini ya kiti.

Alfajiri nilikunywa kikombe cha chai ya tangawizi, nikatoka nje na kusimama kizingitini. Nilisikia baridi. Mabega yalijikunja yenyewe. Kila kitu mwilini kilitaka sweta.

"Unatetemeka," alisema mume wangu nyuma yangu.

"Kidogo. Inatakiwa."

"Nani anasema?"

"Muuza njegere."

Akatikisa kichwa, akafunga mlango polepole.

Sitakuchosha na mlima. Tulipofika kwenye migomba baridi ilikuwa imekwisha, nikafungua zipu nusu. Ukungu ulikuwa mzito, tunaona hatua sita mbele, matone yanaanguka kutoka kwenye majani. Niliruka mtaro mmoja nikatua kwenye tope, mwenzangu akasema, "Polepole, dada, sasa hivi huna godoro." Nilikuwa mwepesi. Nilifika juu na pumzi imebaki.

Walikuwepo. Si tisa, saba. Na yule mama wa njegere alikuwa wa kwanza kutuona, akainua mkono kama askari wa usalama barabarani: subirini.

Mwenzangu alitanda khanga kama pazia, nami nyuma yake nikavua jezi iliyolowa, nikavaa fulana kavu, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikajitanda khanga yangu mabegani. Kisha nikamshikia yeye. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Watu wazima saba walitusubiri kwa utulivu, wakitazama upande mwingine kwa heshima.

Ndipo nikasogea. "Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba!" wakaitikia pamoja. Na babu mmoja, yuleyule ambaye mwaka jana nilimpa shikamoo ya vipande, akaniangalia khanga, akawaambia wenzake, "Leo ametumwa na watu wa kwao."

Nikasalimia wote. Watoto, mashamba, miguu. Upepo ulivuka mlima kama kawaida yake, ukafika mgongoni kwangu, ukakuta nguo kavu. Nakumbuka nilivyomwuliza babu swali la ziada kuhusu mihogo yake, ambalo sikulazimika kuuliza, kwa sababu nilikuwa na nafasi.

Nyumbani mume wangu alikuwa mlangoni. Alifanya vilevile anavyofanya kwa watoto wakirudi kucheza kwenye mvua: aliingiza kiganja nyuma ya shingo yangu, akakishusha mgongoni, akakaa nacho hapo.

"Pakavu," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

"Siku tatu bado," nikamkumbusha.

Alizihesabu. Usiku wa kwanza nilimsikia amegeuka, anasikiliza pumzi zangu. Wa pili pia. Usiku wa tatu alikoroma kuanzia saa tatu mpaka alfajiri, nami nikajua nimeshinda. Jumanne asubuhi nilipoamka, raba zangu zilikuwa mlangoni, zimefutwa tope, na kando yake mfuko wa mkate, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikaupapasa. Ndani alikuwa ameweka fulana yangu na khanga, zimekunjwa kwa pembe nne, jinsi mtumishi wa serikali anavyokunja.

Kipupwe hiki sijakosa hata wiki moja, na daktari aliponipima mara ya mwisho hakunyamaza. Alionja stroberi nilizompelekea, akaniuliza nanunua wapi.

Sasa wewe. Usiku wa leo, kabla hujalala, kunja fulana moja kavu na kitambaa kimoja cha kujitanda, vitie kwenye mfuko wa mkate na uufunge. Asubuhi vaa nguo nyepesi, simama kizingitini uhesabu mpaka ishirini. Ukisikia joto, rudi ndani uvue nguo moja. Ukisikia baridi kidogo, beba mfuko wako, uondoke.